Ushuhuda Uliopigiwa Makofi

Gerishon alikuwa amefika kwenye taa, na chumba kizima kilikuwa kimefika naye.

"Ndugu zangu," alisema, mkono mmoja mfukoni, mwingine hewani, "ukipanda zile ngazi za kasino, kitu cha kwanza ni taa. Si taa kama hizi." Akaonyesha dari. "Hizi zinamulika tu. Za kule zinakubembeleza. Unaingia umechoka, umegombana na bosi, kiatu kimeisha soli, na mle ndani kila mtu anakuita mheshimiwa. Msichana anakuletea soda hujaiitisha. Zulia ni laini mpaka unaona haya kulikanyaga. Ukutani hakuna saa. Dirisha hakuna. Jua likichomoza huko nje, shauri yake."

Watu wakacheka. Walicheka mpaka Wafilipino waliokuwa wakingoja zamu yao nje ya mlango, na magitaa yao mgongoni, wakachungulia kuona kuna nini.

Mumbua hakucheka. Alikuwa ameketi safu ya pili kando ya mama yake, amevaa gauni lake la rangi ya zambarau alilolipiga pasi mara mbili asubuhi hiyo. Yule mwanaume aliyesimama pale mbele alikuwa amesimama kwa ajili yake. Macho yao yalipokutana, Gerishon aliteleza kidogo kwenye maneno, akatabasamu, akaendelea. Mumbua akahisi ule moto anaoujua, unaoanzia shingoni na kushuka polepole.

Ilikuwa Ijumaa, maana hapa Doha Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Makanisa yote yako Mesaimeer, ndani ya ukuta mmoja, na ushirika wetu wa Afrika Mashariki una chumba kwa saa zake. Ukizidisha, wenye zamu wanabisha. Ijumaa ile ilikuwa imepangwa na mama yake Mumbua, Mama Virginia, ambaye hufanya kazi ya kulea watoto kwa familia moja ya Waarabu. Tangu siku aliposikia kwamba huyo Gerishon anayemzungukia binti yake alikuwa mtu wa kasino kule Nairobi, Mama Virginia alikataa. Alikataa kwa simu, akakataa uso kwa uso, akakataa hata akiwa na homa. Mumbua naye akapigana. Mwisho mama akatoa sharti.

"Asimame mbele ya kanisa," alisema. "Aseme yote. Akiyasema mbele za watu, nitajua ameyaacha."

Kwetu sisi tuliookoka ndivyo tunavyopima mtu. Anayeficha bado yuko ndani. Anayesema ameshatoka. Msichana unayesoma hapa, na wewe mama unayemsomea begani, niwaambie mapema: kipimo hicho hakitoshi.

"Nilianza kama mgawa karata," Gerishon alikuwa akisema. "Mimi ndiye nilikuwa nasimama upande wa ndani wa meza. Hivi." Na mikono yake ikaanza kazi. Ilichanganya karata ambazo hazikuwepo, ikazikata, ikazirusha moja moja kwa watu wa safu ya mbele. Vidole vilienda laini kama mtu anayepiga kinanda. "Pasta, hiyo yako. Dada Scovia, yako. Brother, usiangalie ya jirani."

Dada Scovia, Mganda mwenye kicheko kikubwa, akainua mkono akajifanya anaidaka. Watu wakaangua kicheko tena.

"Mgawa karata haruhusiwi kucheza kwenye nyumba anayofanyia kazi. Kwa hiyo siku ya mapumziko nilikuwa naenda nyumba ya pili. Wa nyumba ya pili naye anakuja kwetu. Tunapishana njiani, tunasalimiana. Tukimalizwa wote tunakutana kwa Silvesta. Mnamjua mtu kama Silvesta? Alikuwa na kibanda chini ya zile ngazi, anauza supu ya kichwa cha mbuzi. Ukishuka, anakuangalia uso mara moja, anajua. Aliyeshinda anangoja. Aliyeshindwa anapewa wa kwanza, na pilipili mara mbili, ili akilia aseme ni pilipili."

Hapo hata Mama Virginia alicheka, kisha akapangusa macho kwa kitambaa.

Mumbua alikuwa akiangalia mikono. Mikono ile aliipenda kabla hajaupenda uso. Ndiyo iliyomshikia mwavuli nje ya mlango wa wafanyakazi pale hotelini anakofanya kazi ya mapokezi, jua la mwezi wa saba likiwa linachoma hata kivuli. Ndiyo iliyojifunza kupika muthokoi, chakula cha kwao Mumbua, kwa video, mahindi yakawa magumu kama kokoto, wakala hivyo hivyo. Sasa ilikuwa inagawa karata hewani, na Mumbua aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona ilipokuwa ikimhudumia yeye. Mikono ilikuwa kama imerudi nyumbani.

"Nilicheza hata siku mama yangu alipofariki, sikufika kumwona, lakini Mungu ni mwema," alisema Gerishon. "Mungu ni mwema?"

"Kila wakati," watu wakaitika.

"Na kila wakati?"

"Mungu ni mwema."

Akaendelea, akasimulia jinsi alivyotoka pale bila hata mshipi wa suruali, jinsi binamu yake alivyomtafutia kazi ya udereva Doha, jinsi alivyookoka kwenye chumba hiki hiki. Alipomaliza watu walisimama kupiga makofi. Mama Virginia alisimama pia.

"Huyu amebadilika," alimnong'oneza binti yake. "Nimemwona kwa macho yangu. Amebadilika, Mumbua. Nimekubali."

Mwaka mzima Mumbua alikuwa ameomba kwa magoti alisikie neno hilo. Sasa alikuwa amelisikia, na halikumfurahisha.

Pasta Laban alikuwa mbele tayari, anatazama saa, maana Wafilipino walishaanza kubisha. "Bwana asifiwe. Sasa tumfanyie nini ndugu yetu? Yuko dada humu ndani ambaye hili linamhusu. Namwomba aje asimame hapa kando yake, tuwaombee, na Ijumaa ijayo tuanze kutangaza ndoa."

Vigelegele. Dada Scovia aligeuka nyuma ya kiti kumtafuta Mumbua. Gerishon alikuwa amenyoosha mkono.

Mumbua hakuinuka.

"Nenda," alisema mama yake kwa meno. Kisha kiwiko kikamfikia ubavuni. "Mumbua. Nenda."

Akasimama. Lakini hakuenda mbele. Alisimama pale pale safu ya pili, akashika kiti cha mbele yake.

"Pasta, samahani," alisema. "Naomba msitangaze."

Mkono wa Gerishon ulibaki umenyooka kwa muda, kama umesahauliwa, halafu ukashuka. Kisha mlango ukafunguliwa na Mfilipino mmoja mpole akasema kwa Kiingereza kwamba samahani, saa yao imefika.

*

Walisimama kwenye kivuli cha ukuta, kule magari yanakoegeshwa, mama na mwana. Watu wa ushirika walipita mbali nao, wakijifanya wanatafuta kitu mikobani.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema Mama Virginia.

"Pole, Mama."

"Pole ya nini? Mwaka mzima umenipigania huyu mwanaume. Umeninunia. Nikipiga simu unasema uko kazini na nasikia televisheni. Nimeshuka, nimelainika, nimelia, kitambaa hiki hapa kimelowa, halafu wewe unasema msitangaze?"

"Ulitaka asimame ili uone."

"Nikaona."

"Na mimi nikaona."

"Umeona nini ambacho kanisa zima halikuona?"

"Anapatamani, Mama. Kule."

"Kijana alikuwa anakiri dhambi."

"Alikuwa anasimulia harusi."

Mama Virginia ni mwanamke aliyezoea kushinda kwa kuongea, na hakuachia hapo.

"Hata kama," alisema. "Tuseme anapatamani. Hapa Doha hizo nyumba hazipo. Zimekatazwa. Ataenda kuchezea wapi, mchangani na ngamia?"

"Mimi siolewi na Doha."

"Unasema nini?"

"Doha ndiyo imeacha kamari, Mama. Yeye hatujajua. Mikataba huisha. Siku moja tutashuka Nairobi na masanduku yetu, na zile ngazi zitakuwa pale pale, na taa zake zinazobembeleza. Siku hiyo wewe utakuwa wapi? Pasta Laban atakuwa wapi?"

"Wasichana wa umri wako wana watoto wawili."

"Umri wangu ninao, sijaupoteza."

"Usinijibu hivyo. Mimi ni mamako."

"Ndiyo maana nakujibu. Mwingine ningemnyamazia."

Gari jeupe la akina madam, waajiri wake, likapiga honi getini. Ruhusa ya Mama Virginia ilikuwa imeisha. Alitia kitambaa chake mkobani, akatazama upande wa pili wa uwanja, ambako Gerishon alikuwa amesimama juani peke yake, mwavuli umefungwa mkononi.

"Mwangalie," alisema. "Mwanaume ana mwavuli na anasimama juani kwa ajili yako. Nilikuwa namkataa kwa kuwa simjui. Wewe unayemjua, nenda ukamwambie mwenyewe. Usimwache kwa mdomo wa kanisa. Hiyo si adabu."

"Nitamwambia."

"Na ukimkosa huyu, usije kunililia."

Akaenda kwa hatua fupi za hasira, akaingia nyuma ya gari bila kugeuka.

*

Walipanda basi. Gerishon aliuliza tu, "Najma? Pale petu?" na Mumbua akaitika kwa kichwa. Walifika mtaa wa Najma maduka yakiwa ndiyo yanafunguliwa baada ya swala, wenye duka wakikunja mapazia ya chuma juu, na mitaa ile myembamba ikianza kunuka vitunguu na sabuni ya kufulia.

Pale pao ni mkahawa mdogo wa Mhindi mmoja mzee ambaye kila mtu humwita Bhai. Meza zake ni za plastiki na chai yake ya karak ni nzito, ya maziwa na iliki. Hapo ndipo Gerishon alipomwambia Mumbua mara ya kwanza kwamba akimwona anasahau njia alizosomea za udereva. Bhai alipowaona alileta vikombe viwili bila kuulizwa, kimoja cha sukari kidogo, akakiweka mbele ya Mumbua.

"Umeniua leo," alisema Gerishon.

"Hujafa. Unakunywa chai."

Akacheka, hakutaka lakini akacheka, na macho yake yakakunjamana pembeni vile vile yanavyokunjamana siku zote. Mumbua akatazama kikombe. Angeendelea kumtazama yeye, maneno yangemwisha.

"Mimi nataka kujua kosa langu," Gerishon alisema. "Mama yako alitaka niseme yote. Nimesema yote. Ningesimama nikang'ata maneno mawili, mngesema naficha. Nimesema vizuri, unasema nimefurahia."

"Nani amekwambia nimesema hivyo?"

"Scovia alikusikia pale ukutani. Scovia husikia mpaka mambo ya kesho. Sasa niambie, Mumbua, mtu kama mimi atubu kwa sauti gani? Nipe hiyo sauti niende nayo Ijumaa ijayo."

Lilikuwa swali la haki. Mumbua mwenyewe alijua ni la haki, na lilimchoma.

"Sina sauti ya kukupa," alisema.

"Nimekaa huku bila kugusa. Hapa hapa Najma kuna majamaa wanacheza kwa simu, wamejifungia vyumbani, wakinipita wananiita Pasta Gerry, wananicheka. Sijawahi kuingia. Wewe unajua sijawahi."

"Najua."

"Basi?"

"Mkataba wako ukiisha, Gerishon, ukirudi Nairobi, utafanya nini?"

Uso wake ukafunguka. Alivuta kiti karibu. "Nilitaka kukwambia baada ya kutangazwa, iwe zawadi. Silvesta amezeeka, anarudi kwao. Ananiachia kile kibanda. Tumeshaongea. Manze, Mumbua, pale mahali hapalali. Watu wanashuka na njaa masaa yote. Wewe utakaa na vitabu vya biashara, una kichwa, mimi nitakaa na sufuria. Na wote wananijua."

"Kibanda cha chini ya zile ngazi."

"Chini. Si juu. Mimi nauza supu tu."

"Na supu ikiisha?"

"Natengeneza nyingine."

"Na ukiwa umechoka, umegombana na mimi, kiatu kimeisha soli?"

Gerishon alizungusha kikombe mezani, nusu mzunguko, akakirudisha.

"Uliongea sana juu ya zulia leo," Mumbua alisema, taratibu sasa, maana hakutaka kumpiga, alitaka kumfikia. "Ukaongea juu ya soda, juu ya karata, juu ya supu. Nilikuwa naisikia harufu ya ile supu pale kanisani. Mama yako ukampa mstari mmoja."

"Huyo usimguse."

"Simgusi. Nauliza."

"Nampita haraka kwa sababu inaniuma." Sauti yake ilishuka. "Wewe ukiwa na kidonda unakiminya mbele ya watu? Hayo mengine nayasema kwa sababu yanasemeka. Hilo moja haliwezekani."

Mumbua alihisi moyo wake ukimgeukia mwenyewe. Huenda alikuwa amekosea. Huenda mama yake, na Pasta, na chumba kizima kilichopiga makofi, waliona sawa, na yeye ndiye aliyeshupaa. Mkono wake ukaanza kuvuka meza kabla hajauamuru, ukakumbuka hii ni Doha, watu wasiooana hawashikani hadharani, ukasimama katikati ya vikombe. Gerishon aliuona. Akauweka wake upande wa pili, karibu tu, bila kugusa. Walikaa hivyo.

"Basi niambie mimi," Mumbua alisema. "Si kanisa. Mimi peke yangu. Hakuna atakayepiga makofi."

Bhai alipita na kitambaa, akawaona, akarudi alikotoka.

"Alilazwa hospitali ya kwetu Embu," alianza Gerishon. "Dada yangu Jennifer ndiye alikuwa naye. Moyo. Jennifer akanipigia, akapiga tena. Simu nilikuwa nimeizima. Ukiwa mezani simu inakuvurugia."

"Ukajuaje?"

"Jennifer alimtuma mume wake. Yule alikuwa Nairobi. Akanitafuta, nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, mpaka akanipata. Akaja nyuma yangu akanigusa bega. Akaniambia, Gerry, twende, mama anakutaja."

"Mkaenda."

"Nilikuwa nimeshaweka dau."

"Gerishon."

"Sikiliza. Sikiliza kwanza uelewe." Alikuwa amesogea mbele, macho yake yanang'aa, na safari hii hakukuwa na wa kumpigia makofi. "Meza ilikuwa imeanza kunirudia. Siyo kubahatisha, nilikuwa naiona. Kuna wakati unaiona, ni kama mtu anakusomea. Mzunguko mmoja tu, Mumbua. Mmoja, ningetoka pale na uwezo wa kumhamishia hospitali kubwa, daktari mkubwa, kila kitu. Yule alivyonigusa bega ndipo ikaharibika."

Akanywa chai.

Mumbua alingoja. Alingoja Gerishon ayasikie maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka ukutani. Angeyasikia, angejishika kinywa, angesema, la, sikumaanisha hivyo, na Mumbua angelia naye na kesho angempigia Pasta Laban amwambie atangaze. Alingoja hivyo kwa moyo wote. Gerishon alirudisha kikombe kwenye kisahani.

"Ukirudishwa kwenye kile kiti," Mumbua aliuliza, "siku ile ile, mkono ule ule begani. Ungefanya nini?"

"Ukweli?"

"Ukweli."

Gerishon alikuwa na machozi, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Sijasema popote kwamba Gerishon ni mwongo. Angekuwa mwongo, mambo yangekuwa rahisi, msichana yeyote angemjua.

"Ningemwambia shemeji anisubiri nje," alisema. "Kidogo tu. Halafu tuende."

Mumbua aliuondoa mkono wake mezani.

"Asante kwa kuniambia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapana."

"Nimekwambia kitu sijamwambia mtu yeyote, nawe unanilipa hivi?"

"Umenipa ukweli, na mimi nakupa wangu. Ningeweza kukudanganya, nikwambie nina mwingine, nikwambie mama amekataa. Mama amekubali. Kanisa limekubali. Ni mimi."

"Mimi nimeokoka, Mumbua."

"Sijasema hujaokoka. Nimesema siolewi."

"Wewe huwezi kupata mtu asiye na jana."

"Sina shida na jana. Nilikuja hapa nimeshaisamehe jana yako, nimeipigania na mamangu mzazi. Wewe unanionyesha kesho, na kesho ina kibanda chini ya ngazi."

"Nitaacha kibanda. Nampigia Silvesta sasa hivi." Alikuwa ameshatoa simu. "Sasa hivi, ukisikia."

"Usimpigie kwa ajili yangu."

"Kwani nifanye kwa ajili ya nani?"

Mumbua alimtazama. Hilo nalo alilisema bila kulisikia.

Akasimama. Gerishon akasimama naye, haraka, kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake. "Unanipenda," alisema. Hakuuliza. Aliliweka mezani kama mtu anayejua ana karata gani. "Nitazame unikatae. Unanipenda."

"Nakupenda," alisema Mumbua, kwa sauti iliyomfanya Bhai ainue kichwa kutoka kwenye birika lake. "Kesho nitaamka nakupenda. Nitakaa pale mapokezi niwatabasamie wageni huku nakupenda, na sitamdanganya yeyote kwamba imeisha. Hiyo ni shida yangu, nitaibeba. Lakini mimi sitakuwa mtu wa kuja kukugusa bega. Wala mtoto wangu hatakuja. Umesikia, Gerishon? Mtoto wangu hatatumwa kukutafuta nyumba ya kwanza na nyumba ya pili."

Wanaume wawili wa meza ya dirishani walitazama chai yao. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Gerishon hakuwa na neno zuri la kusema, na katika kukosa neno huko alionekana mdogo na wa kweli, na Mumbua akampenda zaidi kuliko alivyompenda siku zote. Ndiyo sababu alitoka haraka.

Wasichana, mnaniuliza kwa nini hakungoja, kwa nini hakumsaidia, mwanaume mzuri hivyo, anayelia. Mimi sijui atakavyokuwa Gerishon miaka ijayo. Mungu anaweza. Lakini mwanaume anayedhani aliponzwa na aliyekuja kumwita, mke atakayemwoa ndiye atakayekuwa akija kumwita, na ndiye atakayelaumiwa.

Jua la Najma lilimpiga Mumbua usoni kama mlango wa tanuri. Alitembea upande wa maduka, akapita fundi viatu, akapita duka la simu, akapita vijana wa Kinepali waliokuwa wanakata nyanya nje ya mlango. Hakujua anaenda kituo gani. Simu ikalia mkobani. Alifikiri ni yeye, akaiacha ilie. Ikalia tena. Ilikuwa Mama.

"Uko wapi?"

"Najma."

"Na yeye?"

"Nimemwacha kwa Bhai."

"Umemwacha hapo tu, ama umemwacha kabisa?"

"Kabisa, Mama."

Huko nyuma mtoto wa madam alikuwa akilia kwa Kiarabu, na Mama Virginia akamwambia kitu cha kumtuliza, nusu Kiarabu, nusu Kikamba. Mumbua alikaza taya. Alikuwa na majibu yote tayari. Juu ya umri, juu ya watu wa kanisa, juu ya aibu, juu ya wajukuu. Alikuwa tayari kupigana pale pale kando ya barabara mpaka jua lizame.

"Kuna watu watasema," alisema mama yake.

"Waseme."

"Na Pasta atataka kukuona."

"Nitaenda. Nitamwambia hivi hivi."

Mtoto alikuwa amenyamaza.

"Umekula?" Mama Virginia akauliza.

Majibu yote ya Mumbua yalikuwa ya vita, na mama yake alikuwa amemwuliza juu ya chakula. Akasimama chini ya kivuli cha duka lililofungwa, akageukia ukuta, akalia kama mtoto, simu sikioni, na upande wa pili wa simu hakuna aliyemharakisha.

"Lia," alisema mama yake. "Lia, halafu ununue kitu ule. Nyuma usirudi."

"Sirudi," alisema Mumbua.